Mabuwe yanaisha mbio, taa haiangazi: tuangalie jinsi waya zimefungwa



Juma hili tunaweka pembeni kidogo habari za daftari na bulletini za watoto, maana kuna maswali mawili yaliyotufikia kupitia vikundi, na yote mawili yanagusa makuta ya mfukoni. La kwanza ni la mama mmoja anayeuza mikate na ndagala jioni kando ya barabara. Taa yake ni ya kujitengenezea: mabuwe mawili makubwa ya tochi ndani ya kikatoni, na ampuli moja ndogo ya tochi, ile ya zamani yenye uzi ndani. Alitaka meza yote ionekane, akaongeza ampuli ya pili. Fundi wa kwanza alimfungia, ampuli zote mbili zikawa nyekundu kama makala yanayozimika. Fundi wa pili akafungua, akafunga kwa namna yake, zikawaka vizuri zote mbili. Lakini sasa mabuwe yaliyokuwa yakimaliza juma zima hayafiki hata siku ya nne. Mama anauliza ni fundi gani kati yao aliyemwibia.

Swali la pili ni la kikundi cha ushonaji. Wametoa likelemba ya miezi mingi, wamenunua pano ya jua na batri mbili za volti 12, na sasa wanabishana: batri hizo zifungwe namna gani? Mmoja ana shemeji anayejua umeme, mwingine ana kaka anayejua umeme, na shemeji na kaka hawapatani.

Tuanze na mama wa ndagala, maana akielewa yeye, kikundi nacho kitakuwa karibu kupata jibu. Na tumtoe wasiwasi mara moja: hakuna fundi aliyemwibia. Kila mmoja alifunga waya sawasawa, ila kila namna ya kufunga ina bei yake, na hakuna aliyemwambia bei hiyo mbele.

Kuna njia mbili tu za kuunganisha vitu vya umeme. Ya kwanza ni kuvipanga kwa mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine, umeme upite hapa kisha pale. Mafundi wetu wanaita seri. Ya pili ni kuviweka bega kwa bega, kila kimoja na njia yake mwenyewe kutoka kwenye buwe na kurudi kwenye buwe. Hiyo wanaita paraleli. Njia hizi mbili zinahusu mabuwe, na zinahusu ampuli pia, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya: mabuwe yanaweza kuwa ya mstari mmoja huku ampuli ziko bega kwa bega ndani ya taa ileile.

Mabuwe kwanza. Kwa Kifaransa tunasema pile, na neno hilo maana yake ni rundo, vitu vilivyopandanishwa. Halikutoka hewani. Mwaka 1800 mtaalamu wa Italia, Alessandro Volta, alipandanisha visahani vya zinki na vya shaba au feza, katikati akaweka vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na umeme ukatoka. Aliona kwamba akiongeza visahani, msukumo unaongezeka. Ndiyo seri ya kwanza kabisa. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché akatengeneza aina yake, ambayo ndiyo babu wa buwe tunalonunua leo dukani: zinki upande wa nje, kijiti cha karboni katikati, na ule unga mweusi unaozunguka kijiti.

Buwe moja la namna hiyo likiwa jipya lina volti 1.5. Volti ni msukumo, nguvu ya kusukuma umeme upite ndani ya waya. Fikirini tangi la maji ya mvua. Tangi likiwa chini, maji yanatoka kwa unyonge. Likipandishwa juu ya mnara, maji yanatoka kwa nguvu. Sisi wa milimani hatuhitaji maelezo marefu hapo, tunajua bomba la chini ya kilima na bomba la juu ya kilima ni vitu viwili. Mkiweka mabuwe mawili kwa mstari, kichwa cha hili kikigusa matako ya lile, ni kama kuweka tangi juu ya tangi: volti 1.5 na 1.5 zinakuwa 3. Mabuwe matatu, volti 4.5. Lakini muda wa kudumu haukuongezeka, kwa sababu umeme uleule unapita ndani ya kila buwe, na yote yanachoka pamoja.

Mkiyaweka mabuwe mawili bega kwa bega, vichwa upande mmoja na matako upande mmoja, msukumo unabaki 1.5, kama matangi mawili yaliyokaa kwenye urefu uleule. Mwanga hauongezeki. Kinachoongezeka ni maji: kila buwe linatoa nusu tu ya kazi, kwa hiyo mnapata muda mara mbili. Na kwa haya mabuwe ya bei ndogo mara nyingine unapita mara mbili kidogo, kwa sababu buwe la zinki likibebeshwa mzigo mwepesi linatoa vizuri zaidi yote lililo nayo kuliko likisukumwa kwa nguvu.

Sasa ampuli za mama. Mabuwe yake mawili yako kwa mstari, basi ana volti 3. Ampuli ndogo ya tochi yenye uzi inakula kiasi cha amperi 0.3. Amperi ni wingi wa umeme unaopita, kama wingi wa maji ndani ya bomba.

Fundi wa kwanza aliweka ampuli mbili kwa mstari. Umeme ukitoka kwenye buwe lazima upite ndani ya uzi wa ampuli ya kwanza, kisha ndani ya uzi wa ampuli ya pili. Ni vizuizi viwili kwenye njia moja. Hesabu ya darasani inasema umeme unakuwa nusu, 0.15, na zile volti 3 ampuli zinagawana, kila moja 1.5. Nusu ya msukumo na nusu ya umeme: kila ampuli inabaki na robo ya nguvu yake. Kweli kabisa, uzi ukiwa baridi unazuia umeme kidogo kuliko ukiwa moto, kwa hiyo unapita zaidi kidogo ya nusu. Lakini mwanga unaanguka hata chini ya robo, kwa sababu uzi usiopata moto wa kutosha unatoa joto na wekundu, hautoi weupe. Ndiyo yale makala yanayozimika. Faida ni moja tu: mabuwe yanadumu karibu mara mbili. Lakini mtu gani atanunua ndagala ambazo hazioni?

Fundi wa pili aliweka ampuli bega kwa bega. Kila ampuli inapata volti 3 zake zote, inawaka kama vile iko peke yake. Lakini kila moja inakula 0.3 yake, na buwe linatoa 0.6. Mzigo umekuwa mara mbili, muda umekuwa nusu, na kwa mabuwe ya zinki unashuka chini ya nusu kwa sababu ile tuliyosema juu. Kutoka siku saba kufika chini ya siku nne, hesabu inaingia yenyewe.

Kuna tofauti nyingine ambayo mama ataiona siku moja. Kwenye mstari, ampuli moja ikiungua, zote zinazimika, kwa sababu njia imekatika. Bega kwa bega, moja ikiungua nyingine inaendelea kama hakuna kilichotokea. Wale waliofunga taa za Noeli za zamani wanajua taabu ya kutafuta ampuli moja iliyokufa kati ya zote. Zilikuwa za mstari: ampuli 22 za volti 10 zinagawana vizuri zile volti 220 za ukutani, lakini moja ikifa, Noeli imekwisha.

Basi mama afanye nini? Akitaka mwanga wa ampuli mbili kwa juma zima, lazima awe na mabuwe manne: mawili kwa mstari, na mengine mawili kwa mstari, kisha mistari hiyo miwili bega kwa bega. Volti zinabaki 3, muda unarudi kama mwanzo. Asikubali mtu amwekee manne yote kwa mstari mmoja. Hapo atapata volti 6, ampuli zitawaka kama jua kwa muda mfupi na nyuzi zitakatika, mabuwe na ampuli vyote hasara.

Au aache ampuli za uzi. Ushauri wetu ni huo hasa. Taa ndogo za LED, zile mnazoziona kwenye tochi mpya, zinatoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo sana, maana hazipotezi nguvu kwa kutoa joto kama uzi. Lakini ziko na tabia yao, na watoto wetu wanaozitoa kwenye tochi zilizoharibika kuzifunga na mabuwe wanapaswa kuijua. Taa nyeupe ya LED inahitaji karibu volti 3 ndipo iwake. Buwe moja halitoshi kabisa. Mabuwe mawili kwa mstari yanaiwasha vizuri. Na hapa ndipo ile habari ya ampuli inageuka: ukiweka LED mbili kwa mstari juu ya volti 3, hazitafifia kama ampuli, zitakataa tu. Giza. Mtu atadhani zimekufa, kumbe kila moja imepata volti 1.5, na hiyo haitoshi kuifungua. LED zifungwe bega kwa bega juu ya mabuwe mawili, tena ziangaliwe upande, maana LED ina mguu wa jumlisha na mguu wa kutoa, ukigeuza haiwaki. Ukiweka mabuwe matatu, volti 4.5, ni lazima kuwe na kile kidude kidogo chenye mistari ya rangi, mafundi wanakiita rezistansi, kizuie umeme usizidi. Bila hicho LED inapata moto na inakufa mapema.

Kabla ya kuacha mabuwe, mambo machache tunayoyaona nyumbani. Kuchanganya buwe jipya na la zamani ndani ya tochi moja si kubana matumizi. Yako kwa mstari, umeme uleule unapita ndani ya yote mawili. La zamani linaisha, jipya linaendelea kusukuma umeme kwa nguvu ndani yake, na lile lililokufa linaanza kutoa maji yanayokula chuma cha tochi. Badilisheni yote kwa mara moja. Kuyaweka juani au kuyagongagonga hakurudishi nguvu iliyotumika; joto linaharakisha tu mabaki kidogo yaliyobaki, na kuyaacha yapumzike usiku kunafanya kazi hiyohiyo bila kuyapasua. Kuyauma kwa meno tusiseme. Kwenye moto msitupe kamwe, yanaweza kupasuka.

Na ule unga mweusi. Sisi walimu tunajua unavyotumika kwa kupaka ubao wa darasani, shule nyingi hazina rangi nyingine. Lakini una manganezi, haufai kuvutwa puani wala kuingia mdomoni, na kazi ya kuvunja mabuwe na kusaga isiwe ya watoto. Mtu mzima afanye, nje, unga uloweshwe maji usipeperuke, mikono inawe kwa sabuni kabla ya kugusa bukari. Yale mabuwe madogo bapa kama kifungo cha shati ni hatari zaidi kuliko yote: mtoto akimeza na likakwama kooni, linaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili. Msingoje aende choo. Kimbieni hospitali muda uleule.

Sasa nyumba zenye umeme wa ukutani. Zote zimefungwa bega kwa bega. Ndiyo sababu ukizima taa ya chumba, redio ya sebuleni haizimi, na ndiyo sababu kila chombo kinapata volti 220 zake zote. Lakini kumbukeni bei ya bega kwa bega: kila unachoongeza kinaongeza umeme unaopita kwenye waya mkubwa unaoingia nyumbani. Taa ya LED ya wati 9 ni kitu kidogo sana. Pasi ya wati 1000 inakula zaidi kidogo ya amperi 4.5. Reshou ya wati 2000 inakula karibu 9. Viweke vyote viwili kwenye ralonji moja nyembamba iliyonunuliwa kwa ajili ya simu na televizyo, na kupitia waya ule zinapita zaidi ya amperi 13. Na joto la waya haliongezeki taratibu: umeme ukiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ukiwa mara tatu, joto mara tisa.

Ralonji yenyewe haikuambii chochote. Inachukua tu. Mlinzi ni fuzibli au dijonkteri, ambayo kazi yake ni kukata umeme kabla waya haujapata moto. Imewekwa kwa mstari na nyumba yote, makusudi kabisa: njia ikikatika hapo, vyote vinazimika. Sasa mtu anayechoka na fuzibli inayokatika, akaiondoa na kuweka kipande cha waya wa shaba, amemfukuza mlinzi na kuacha mwizi. Tumeona nyumba za mbao za Kadutu na mitaa mingine ya Bukavu zikiteketea kwa safu nzima katika usiku mmoja. Hatusemi kila moto unatoka kwenye waya, kuna mishumaa na kuna mbabula zilizoachwa ndani. Lakini nyumba zimegusana, na waya wa jirani ni jambo lenu pia. Ralonji ikiwa na joto mkononi, au prizi ikinuka plastiki, chomoeni bila kungoja baba watoto arudi. Na pasi na reshou visikae kamwe kwenye ralonji moja.

Wengine wanauliza mbona taa inapungua mtu akiwasha pasi, ikiwa kila chombo kina njia yake. Jibu ni kwamba waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenu uko kwa mstari na nyumba nzima. Nao ni kizuizi, unachukua sehemu yake ya volti. Umeme mwingi ukipita, waya unakula zaidi, nyumbani zinafika 200 au 180 badala ya 220. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha reshou juu ya laini moja ndefu, taa zenu zinakuwa nyekundu hata kama ninyi hamjawasha kitu.

Tufike kwa kikundi cha ushonaji. Batri mbili za volti 12. Tuseme kila moja imeandikwa 100 Ah, yaani inaweza kutoa amperi 5 kwa saa 20. Kwa mstari mtapata volti 24 na 100 Ah. Bega kwa bega mtapata volti 12 na 200 Ah. Akiba ni ileile kwa njia zote mbili, 2400 ukihesabu kwa wati-saa, kwa hiyo shemeji na kaka waache kusema kwamba njia moja inatoa umeme mwingi kuliko nyingine. Linaloamua ni vitu mlivyonunua. Taa zenu zimeandikwa 12 V, kwa hiyo batri zifungwe bega kwa bega. Ukizifunga kwa mstari na kuwasha, taa zote za chumba cha kushonea zinaweza kuungua jioni ya kwanza, likelemba yote mtaiona moshi.

Batri hizo za risasi zisimalizwe kabisa, mkivuka nusu mara kwa mara zinakufa mapema. Basi hesabuni 1200. Taa sita za wati 5 ni wati 30. Kwa saa tano za jioni ni 150. Hata jua likifichika siku kadhaa za Novemba, bado mna jioni nane. Mkianza kuchajia mtaa mzima simu, hesabu inabadilika, andikeni kwenye daftari la kikundi kila kinachochomekwa.

Zifungwe batri za aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja. Kama mojawapo ilinunuliwa imetumika, mpya itakuwa inamwagia ya zamani usiku kucha bila mtu kujua. Waya nene za kwenda kwenye taa zichukuliwe hivi: jumlisha kutoka batri ya kwanza, kutoa kutoka batri ya pili, ili zote mbili zifanye kazi sawa. Fuzibli iwe karibu na jumlisha. Fundi aangalie kwamba regulateri ya pano imeandikwa 12 V. Batri zikae mahali penye hewa, mbali na mbabula na mbali na watoto, kwa sababu zikichajiwa zinatoa gazi inayoweza kuwaka. Na siku ya kufunga, funguo ya chuma isiguse jumlisha na kutoa kwa wakati mmoja, hata kwa sekunde moja.

Kwa mama anayetaka kuona mambo haya kwa macho: mabuwe mawili, ampuli mbili za tochi, vipande vitatu vya waya, na jioni moja na watoto wa darasa la tano au la sita mezani. Wafunge kwa mstari, wafunge bega kwa bega, wachomoe ampuli moja waone nyingine inafanya nini. Kwa mabuwe tu. Prizi ya ukutani isiguswe.